Chetezo Chumbani kwa Mubarik

Mubarik alikutwa kitandani asubuhi ya Jumanne, blanketi limevutwa hadi kidevuni, amekufa. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Ndani ya midomo na chini ya kucha alikuwa na wekundu ambao maiti hana haki nao. Sakafuni, hatua moja kutoka kichwani pake, palikuwa na chetezo cha udongo kilichojaa makaa hadi ukingoni.

Inspekta Roselyne Chepkoech alisimama mlangoni, mikono mfukoni. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, ghorofa ya juu, nyuma ya nyumba. Dirisha lilikuwa wazi na baridi ya Januari ilikuwa inaingia bila hodi. Nje, mapaa ya maghala ya Nechells, mtaa wa Birmingham, Uingereza, yalikuwa meupe kwa barafu.

Sajini Xavier, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuwa na daftari mkononi na jibu mdomoni. Kaboni monoksidi, alisema, ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mpangaji wa nyumba ni mama wa Kisomali, jina lake Abshiro, dada wa marehemu. Amekutwa sebuleni chini, amezirai. Sasa yuko hospitalini na atapona. Alimfukizia mdogo wake udi katika chumba kilichofungwa, makaa yakamuua.

"Ni hayo tu, chef," akamaliza, akimwita mkuu kwa Kifaransa cha kwao. "Kesi imeisha kabla ya chai."

"Yako imeisha," Chepkoech alisema. "Yangu haijaanza."

Aliyewakuta ni fundi wa boila, Derrick, ambaye Wakenya wa Birmingham karibu wote humwita Injinia. Alieleza kwamba alikuja kuangalia boila la nyumba, ule mtambo wa gesi unaopasha maji na vyumba joto, akagonga, hakuitikiwa, akafungua kwa ufunguo aliopewa na mwenye nyumba. Akafungua madirisha yote, akapiga simu ya dharura. Sasa alikuwa ameketi kwenye kidato cha nje, blanketi la wazimamoto mabegani, na majirani wanamkabidhi chai na pole. Shujaa mzima.

Chepkoech alipiga magoti. Zulia lilikuwa kuukuu, na miguu ya kitanda ilikuwa imelichimba vishimo vinne. Lakini miguu haikuwa ndani ya vishimo vyake. Kitanda kilikuwa kimesogezwa kuelekea dirishani, karibu nusu mita. Akainua macho. Juu ya pale kitanda kilipotoka palikuwa na kifuniko cha mraba, mlango wa kupandia darini.

Akamwuliza kiongozi wa wazimamoto makaa yalikuwaje walipofika. Yule akasema yalikuwa mekundu kabisa. Ndiye aliyeyafunika kwa sahani ya chuma yasije yakaunguza nyumba. Sahani ikainuliwa. Ndani palikuwa na vile vidonge vya makaa vinavyouzwa kwa ajili ya udi, tisa kwa hesabu. Kila kimoja kilikuwa kimeliwa nusu tu.

Saa nne mkuu wake alipiga simu. Alitaka faili mezani kabla ya mwisho wa juma. Mwanamke ashtakiwe kwa kuua bila kukusudia, kwa uzembe. Binti yake, ambaye hajatimiza miaka kumi na sita, achukuliwe na ustawi wa jamii mpaka mahakama iamue. Na umma uonywe kuhusu kuwasha makaa ndani ya nyumba, hasa jamii hizi. Chepkoech alimwuliza jamii hizi ni zipi. Mkuu alikohoa, akasema ana kikao.

Basi mtu angefanya nini? Wengine wangesema ndiyo bwana na kwenda kula. Chepkoech alikuwa ameyasikia maneno hayo ya jamii hizi miaka kumi na tisa tangu avae sare ya mji huu. Akachukua koti lake, akaenda hospitalini.

Abshiro alikuwa ameketi wima kitandani, ushungi mweupe kichwani, barakoa ya oksijeni ameishusha shingoni bila ruhusa ya mtu. Binti yake Iqra alikuwa amemshika mkono. Huyu alinusurika kwa sababu nyumba ilikuwa baridi mno, akaenda kulala kwa shangazi yake, mtaa wa Acocks Green. Abshiro alilelewa Garissa, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka.

"Mama Iqra, pole sana na msiba."

"Nimeshasikia wanasemaje. Kwamba nimemuua Mubarik kwa udi."

"Uliwasha udi jana?"

"La."

"Juzi?"

"La. Sijawasha udi tangu tarehe nne Novemba."

"Mbona tarehe umeishika hivyo?"

"Ndiyo siku aliyokufa mume wangu."

Chepkoech, mwana wa kanisa kutoka Kericho, hakuelewa mara moja. Abshiro akamweleza kwa subira ambayo hakuwa nayo. Yuko kwenye eda. Miezi minne na siku kumi mjane hajipambi, hajitii manukato, hafukizi udi, na halali nje ya nyumba yake. Ndiyo maana Mubarik aliacha chumba chake Leicester akaja kukaa naye, asibaki peke yake na msichana. Chetezo alikifunga kwenye mfuko wa plastiki siku ya mazishi yenyewe, pamoja na pakiti ya makaa, akakisukuma ndani kabisa ya kabati lililo chini ya ngazi. Hakikutoka tena.

"Niandike muuaji, niandike utakavyo," alisema. "Lakini usiandike kwamba nilimvunjia mume wangu eda. Hilo sikubali, hata hakimu aje na kofia yake."

"Sijaandika kitu bado."

"Nilichofanya mimi ni kubonyeza."

"Kubonyeza nini?"

Iqra akatoa simu ya mama yake. Akawa anajibu kwa Kiingereza kila akiulizwa kwa Kiswahili, lakini alijua kila kitu kilipo. Boila lilikuwa jipya, Derrick alilifunga katikati ya Desemba kwenye kabati la ukutani, kando ya chumba kile kidogo. Tangu siku hiyo halikutulia, na kila hitilafu Abshiro alimtumia Injinia ujumbe wa sauti, naye akajibu kwa sauti.

Kwanza mshale wa presha ulishuka chini ya moja. Derrick akamwambia afungue kibomba kidogo chini ya boila hadi mshale ufike moja na nusu, kisha afunge. Halafu redieta, zile sahani za chuma ukutani zinazopasha vyumba, zikawa za moto chini na baridi juu. Akamwambia azitoe hewa kwa kiufunguo chake, asikilize ule mlio wa fss, maji yakianza kutoka afunge. Halafu boila likakoroma na kuzima siku ya barafu. Akamwambia bomba la maji machafu lililo nje limeganda, alimwagie maji ya vuguvugu, yasiwe ya kuchemka. Yote hayo yalikuwa ushauri mzuri. Chepkoech mwenyewe aliyajua, maana boila lake humtia adabu kila majira ya baridi.

Ujumbe wa nne ulikuwa wa siku nane zilizopita. Abshiro alikuwa anaeleza kwamba boila linajizima mara kwa mara, kwamba madirisha ya juu yanatiririka maji, na kwamba Mubarik anaamka na kichwa kinamgonga, akitoka nje kwenda kazini kinapoa. Fundi mwenye karatasi za kweli angejibu kwa pumzi moja: funga gesi, tokeni nje, ninakuja. Sauti ya Derrick ilijibu kwa uchangamfu.

"Hiyo ni baridi tu, dada yangu. Boila jipya lina deko. Likizima, bonyeza kile kitufe liwake tena. Usiogope, bonyeza tu."

"Jana jioni nimelibonyeza mara tano," Abshiro alisema. "Mubarik alikuwa anatetemeka, nikamwonea huruma. Alfajiri nikainuka kuswali, nikaanguka. Sikujua lolote tena."

Hapo ndipo alipolia. Chepkoech alikaa naye mpaka akamaliza.

Alasiri hiyo alirudi kwenye nyumba ile pamoja na Leena, mhandisi wa gesi aliyesajiliwa, mama mfupi wa Kigujarati ambaye wazazi wake walikuwa na duka Kisumu. Leena hakupoteza muda. Aliweka ngazi yake, na ili aiweke ilibidi kitanda kibaki pale kilipokuwa kimesogezwa. Kikirudi kwenye vishimo vyake, ngazi haina pa kusimama. Chepkoech aliliandika hilo na kulipigia mstari.

Leena alikaa darini robo saa. Aliposhuka alieleza taratibu, kwa mikono. Boila hupumua kwa bomba lenye tabaka mbili linalopita darini hadi nje ya paa: tabaka la nje linavuta hewa safi, la ndani linatoa moshi. Kwenye dari kuna kiungo. Mbao zote zinazokizunguka zina madoa ya maji na weusi, maana yake kiungo kilikuwa kimeachana kwa wiki kadhaa na moshi ukawa unamwagika humo. Boila likaanza kuvuta moshi wake lenyewe. Moto ukikosa hewa hutoa sumu. Boila likajizima, kama lilivyofundishwa. Mtu akibonyeza, linaanza tena. Na sumu inateremka kwa mlango wa dari hadi kitandani kwa aliyelala chini yake.

"Umesema kilikuwa kimeachana," Chepkoech alisema. "Na sasa?"

"Sasa kimekazwa. Skrubu tatu mpya zinang'aa, na gundi ya silikoni kuzunguka."

"Ya lini?"

Leena akaonyesha kidole cha glavu yake. Kilikuwa na utando mweupe unaonata.

"Silikoni hukauka kwa siku moja," alisema. "Hii imepakwa asubuhi ya leo."

Jikoni, kwenye mtoto wa meza, Xavier alipata king'ora cha kaboni monoksidi ambacho Derrick alipaswa kukifunga ukutani. Kilikuwa bado ndani ya karatasi yake ya dukani. Baadaye akawapigia simu wanaotunza daftari la mafundi wa gesi waliosajiliwa, na jina la Derrick halikuwamo. Nambari aliyoandika kwenye cheti cha boila ilikuwa ya mzee mmoja aliyestaafu zamani. Xavier alirudi na habari hizo ameinamisha kichwa, wala hakutaja chai tena.

Mkuu alipopigiwa alisema silikoni mbichi haimwondolei mwanamke makaa yake. Labda sumu ilitoka pande zote mbili. Chepkoech akamwambia faili hataliweka mezani, na kama anataka kumnyang'anya kesi aandike kwa maandishi na sababu zake. Mkuu hakuandika.

Jioni alinunua pakiti ya vidonge vya makaa vya aina ileile, akawasha kimoja nyumbani kwake kwenye kidato cha mlango wa nyuma, akakaa na saa yake na koti lake. Kidonge kilikwisha kuwa majivu kwa dakika hamsini. Makaa yaliyowashwa usiku yangekuwa majivu baridi asubuhi. Ya chumbani kwa Mubarik yalikuwa yanawaka.

Kilichobaki kilikuwa kujua saa. Jirani wa mkabala, Orpha, muuguzi kutoka Kakamega, alikuwa na kengele ya mlango yenye kamera. Alikuwa ndiye wa kwanza kuandika kwenye grupu la WhatsApp la Wakenya kwamba udi wa Abshiro umeua mtu, na ujumbe wake ulikuwa umeshapewa amina hamsini. Chepkoech alimwomba picha za asubuhi ile, wakaziangalia pamoja. Gari la Derrick liliegeshwa saa moja na dakika ishirini na nne. Alifungua mlango mara moja, hakugonga. Baada ya dakika mbili alitoka mbio hadi garini, akarudi ndani na ngazi na sanduku la vifaa. Simu ya dharura ilipigwa saa mbili kasoro dakika mbili. Dakika thelathini na nne.

Orpha aliketi. Akauliza kama afute ule ujumbe.

"Usifute," Chepkoech alimwambia. "Ipo siku utaandika mwingine chini yake."

Derrick alikamatwa Jumatano. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, kinasa sauti, na wakili aliyekunja mikono. Alipoingia alimsalimu Chepkoech kwa tabasamu, akasema anamshukuru Mungu amekutana na mtu wa nyumbani, maana mtu wa nyumbani huelewana.

"Hapa mimi si wa nyumbani kwako," Chepkoech alijibu. "Keti."

Walianza kwa Kiingereza, kama sheria inavyotaka.

"Uligonga mlango?"

"Niligonga."

Xavier akamwonyesha video. Derrick akasema huenda amesahau.

"Ulipanda darini?"

"Hapana."

"Ngazi ulimletea nani?"

Derrick akavuta kiti chake nyuma.

"Nani alipaka silikoni saa moja na nusu asubuhi, Derrick? Maiti?"

Wakili akamnong'oneza. Derrick akafuta jasho. Akasema sawa, aliangalia bomba, kwa usalama wa watu. Lakini udi ulikuwa pale, alisema. Alikuta makaa yanawaka. Kila mtu anajua nyumba zao zilivyo, huwezi kuingia usinuse udi.

"Nyumba hiyo umeinusa lini mara ya mwisho?"

"Nilipokwenda kupima boila la zamani. Mumewe alikuwa hai. Walinipa chai, na chetezo kilikuwa kinafuka palepale kwenye rafu."

"Na jana kilikuwa kwenye rafu?"

Derrick akaanza kukunja mikono ya shati lake.

"Kilikuwa kwenye kabati chini ya ngazi, kimefungwa ndani ya mfuko. Alama za vidole vyako ziko kwenye mfuko. Hukujiuliza kwa nini mwanamke afunge chetezo chake?"

"Sikujiuliza."

"Mjane wa Kiislamu hafukizi udi mpaka eda iishe. Ulikuwa umebakiza miezi miwili ili uongo wako ufanane na ukweli."

Derrick alimtazama wakili wake, na wakili akatazama meza.

"Kwa nini ulisogeza kitanda?"

"Niweke ngazi."

"Mubarik alikuwa wapi?"

"Kitandani."

"Ukamsogeza pamoja na kitanda chake."

"Ndiyo."

"Alikuwa amekufa?"

Hapo Kiingereza kilimwisha. Akainamisha uso mezani, na jibu likatoka kwa Kiswahili, dogo sana.

"Alikuwa anakoroma."

Xavier aliacha kuandika.

Alieleza yote bila kuulizwa tena. Alipomwona Abshiro sakafuni na kusikia boila linavyonguruma, alijua papo hapo ni bomba lake. Mwaka juzi alifanya mtihani wa ufundi gesi, na kabla matokeo hayajatoka watu wa ushirika wake wa kanisani walimwandalia sherehe. Walikodi ukumbi, wakaleta keki iliyoandikwa Injinia, mchungaji akamwombea mbele ya watu mia mbili, na mama yake akaangalia kwa simu kutoka Kapsabet, analia kwa furaha. Wiki iliyofuata barua ikaja: ameshindwa. Akarudia, akashindwa tena. Angewaambia nini watu waliokwisha kula keki? Wakawa wanampigia simu awawashie maboila yao, naye anakwenda. Mengi yaliwaka vizuri. Hilo moja alilifunga kwa haraka, skrubu zilimwishia, akasema atarudi, akawa anaahirisha hadi Jumanne hiyo.

"Nilifungua dirisha," alisema. "Nikajiambia hewa baridi itamwamsha. Nikajiambia nimalize bomba kwanza, dakika kumi tu, halafu nipige simu, na hakuna atakayejua. Nilikuwa nakaza skrubu ya tatu. Nikasikia kumenyamaza."

"Ukashuka?"

"Nikamalizia silikoni. Ndipo nikashuka."

"Halafu ukatafuta chetezo."

"Ndiyo."

"Na mama yake Iqra amelala chini sebuleni muda wote huo."

"Nilipita juu yake," Derrick alisema. "Nilipokwenda kabatini nilipita juu yake."

Chepkoech akazima kinasa sauti. Hakumwita Injinia, wala kaka, wala jina lolote. Alimsomea mashtaka, kuua bila kukusudia kwa uzembe mkubwa na kutengeneza ushahidi wa uongo, akatoka kwenda kuosha uso.

Derrick alikiri mahakamani mwezi Aprili, akapelekwa gereza la Winson Green. Mkuu alimtumia Chepkoech pongezi za mistari miwili, naye hakuzijibu. Onyo kwa umma lilitoka, safari hii kuhusu mafundi wasiosajiliwa, na halikutaja jamii hizi wala zile.

Eda ya Abshiro ilikuwa imekwisha tangu Machi. Watu walimletea vyetezo vipya, vitatu, akavirudisha vyote. Alisema atafukiza kwa kile walichomsingizia nacho, na kama polisi wanacho atangoja. Siku kesi ilipofungwa Chepkoech alikipeleka mwenyewe Nechells, ndani ya mfuko wa ushahidi wenye nambari. Boila lilikuwa limefungwa upya na Leena, na king'ora kilikuwa ukutani kikiwasha taa yake ya kijani.

Abshiro alikiosha chetezo kwa maji ya moto. Akatoka nacho nje, mbele ya mlango, mchana kweupe, akawasha kidonge kimoja cha makaa, akatia udi. Moshi ukapanda na upepo ukaubeba mtaa mzima. Orpha alikuwa ametoka nyumbani kwake kwenda kazini, akasimama getini, hajui atazame wapi.

"Orpha," Abshiro alimwita, kwa sauti ya kufika mpaka nyumba ya mwisho. "Leo ndiyo nimewasha. Andika kwenye grupu."

Orpha akaweka mkoba chini, akatoa simu, akaandika palepale.